Mbegu ya Akiba: Historia ya Kutafuta Chanzo cha Mbegu za Kiume

Kipindi cha afya ya mama na mtoto. Wasikilizaji: akina mama na walezi. Muda: dakika 20.



Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Chawia. Kama una mtoto wa kiume mgongoni, kipindi cha leo ni chake. Na kama baba yuko nyumbani, mwite naye asikilize.

Leo nitataja sehemu za mwili kwa majina yake. Tafadhali tusione haya. Haya ndiyo iliyoleta kisa nitakachowaeleza sasa hivi.

SWALI LA MAMA MKWE

Alikuja kliniki mama mmoja. Nimebadilisha mambo fulani ili asijulikane. Alikuwa ameolewa miaka mitano bila kupata mtoto. Alikuwa amepimwa mara tatu, ameombewa, amekunywa dawa za miti shamba mpaka tumbo likamsokota, na mwisho akaambiwa afunge vitu vyake arudi kwao. Mume wake alikuwa hajapimwa hata siku moja.

Nilikwenda kuzungumza na familia. Mama mkwe aliniuliza, "Sista, mwanangu ana ndevu, ana sauti nzito, ana nguvu za kulima kutwa. Yeye atakuwa na shida gani?"

Baada ya mazungumzo marefu mume alikubali kwenda hospitali. Alipopimwa, manii yake hayakuwa na mbegu hata moja. Daktari alimkagua, akauliza habari za utoto wake. Mama mkwe alinyamaza, kisha akasema polepole kwamba mtoto alipozaliwa mfuko wa korodani ulikuwa mtupu. Nyanya yake alisema zitashuka akikua. Basi hakuna aliyeangalia tena.

Akina mama, swali la yule mama mkwe lilikuwa zuri. Inawezekanaje mwanamume awe na ndevu, sauti na nguvu, lakini asiwe na mbegu? Ili tulijibu, itabidi tujue mbegu hizo zinatoka wapi. Na hiyo ni historia ndefu, yenye watu wengi na makosa mengi. Twende pamoja.

TUANZE NA MAHINDI

Sote tunajua desturi ya mbegu. Mkulima akivuna, huchagua mahindi yenye punje nzuri, huyafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya meko yapate moshi ili wadudu wasiyaguse. Mahindi hayo hayaliwi. Hata njaa ikiingia nyumbani, mama husema, "Hayo ni ya mbegu." Ukiyala leo, mvua ikinyesha utapanda nini?

Mwili wa mwanamume nao una mbegu ya akiba. Ndani ya korodani mna seli chache ambazo kazi yake ni kujitunza na kugawanyika. Seli zinazotokana nazo, nyingine hubaki kuwa akiba, na nyingine huingia kazini. Zile zinazoingia kazini hupita hatua nyingi, na baada ya siku 74 hivi huwa mbegu kamili zenye mkia. Seli za akiba huitwa seli shina, kwa sababu nyingine zote huchipuka kutoka kwake, kama matawi yanavyochipuka kwenye shina la mti.

Kwa sababu ya akiba hiyo, mwanamume mwenye afya hutengeneza makumi ya mamilioni ya mbegu kila siku, tangu kubalehe mpaka uzeeni. Mtoto wa kike ni tofauti. Yeye huzaliwa akiwa na mayai yake yote, milioni 1 hadi 2 hivi, na hupungua kadiri anavyokua.

Mimi leo nalisema jambo hili kwa dakika moja. Lakini tangu mbegu ya kiume ionekane kwa mara ya kwanza hadi watu waweze kuitambua seli inayoizaa, ilipita zaidi ya miaka 300.

ZAMANI MWANAMKE ALIITWA SHAMBA

Mwaka 1677, katika mji wa Delft nchini Uholanzi, alikuwako muuza vitambaa aitwaye Antonie van Leeuwenhoek. Mtu huyu hakuwa daktari, lakini alikuwa hodari wa kutengeneza hadubini, yaani kile chombo cha kukuza vitu vidogo ambacho mmekiona maabara tukitafuta malaria. Mwanafunzi wa udaktari, Johan Ham, alimletea habari kwamba ameona vitu vinavyotembea ndani ya manii. Leeuwenhoek alitazama mwenyewe akaona vidudu vyenye mikia vikiogelea, vingi mno. Aliwaandikia barua wataalamu wa Royal Society huko London.

Kisha watu wakaanza kukisia. Mwaka 1694 Mholanzi mwingine, Nicolaas Hartsoeker, alichora picha ya mbegu ya kiume ikiwa na mtu mdogo amejikunja ndani ya kichwa chake. Hakuwa amemwona mtu huyo. Alichora alivyodhani. Kwa wazo hilo mtoto mzima alikuwa tayari ndani ya mbegu ya baba, na mama alikuwa shamba la kumpanda tu.

Angalieni hatari ya mawazo ya namna hiyo. Kama baba ndiye mbegu na mama ndiye udongo, mmea usipoota watu husema udongo ni mbovu. Hayo yaliandikwa Ulaya, lakini je, hapa kwetu hatusemi hivyo hivyo?

Yai la mnyama anayenyonyesha halikutambuliwa mpaka mwaka 1827, Karl Ernst von Baer alipolipata katika mbwa. Lakini hata von Baer alidhani vile vidudu vyenye mikia ni vimelea, kama minyoo inavyoishi tumboni. Mwaka 1841 Albert Kölliker wa Uswisi ndiye aliyeonyesha kwamba si vimelea. Vinatoka katika seli za korodani yenyewe.

KAZI MBILI NDANI YA KORODANI

Sasa tunakaribia jibu la yule mama mkwe. Korodani ndani yake ni kama uzi mwembamba uliokunjwakunjwa. Uzi huo ni mirija, na mirija ya korodani moja ikinyooshwa hufika mamia ya mita. Mbegu hutengenezwa ndani ya mirija hiyo.

Mwaka 1850 Mjerumani Franz Leydig alieleza seli zinazokaa nje ya mirija, katika nafasi zilizo katikati. Baadaye ilijulikana kwamba seli hizo ndizo zinazotengeneza homoni ya kiume. Homoni hiyo ndiyo inayoleta ndevu, sauti nzito na misuli.

Mwaka 1865 kijana wa Italia, Enrico Sertoli, akiwa na miaka 23 tu, alieleza seli nyingine zilizo ndani ya mirija. Zina matawi kama mti, na zinazikumbatia seli za mbegu zinapokua. Zinazilisha na kuzikinga. Wataalamu huziita seli walezi, na wengine huziita seli wauguzi. Mimi kama muuguzi jina hilo limenifurahisha sana.

Kwa hiyo kuna kazi mbili. Kazi ya ndevu na sauti hufanyika nje ya mirija. Kazi ya mbegu hufanyika ndani ya mirija. Ya kwanza inaweza kuendelea vizuri huku ya pili imesimama kabisa. Mama mkwe, hilo ndilo jibu. Ndevu si cheti cha uzazi.

KUITAFUTA SELI MOJA KATIKA MAELFU

Kulibaki fumbo. Ndani ya mirija mna seli za kila namna, changa kwa kubwa. Ni ipi ile ya akiba?

Miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada, Charles Leblond na Yves Clermont walichunguza korodani za panya. Walitumia rangi maalumu, wakapanga hatua zote kwa utaratibu. Waliona kwamba mbegu hazitengenezwi ovyoovyo. Kuna zamu, kama kiwandani. Mwaka 1953 walitoa wazo kwamba pembezoni mwa mirija mna seli zinazobaki nyuma kila zamu, ili kazi isikome.

Wengine walibishana nao juu ya seli zipi hasa. Mwaka 1971 Claire Huckins na Eugene Oakberg, kila mmoja kwa utafiti wake nchini Marekani, walikuja na jibu linalofanana. Waliona kwamba seli ikishaingia kazini, watoto wake hawaachani. Hubaki wameungana wawili, kisha wanne, kisha wanane, kama shanga kwenye uzi mmoja. Ile ya akiba, wakasema, ni ile inayokaa peke yake.

Oakberg alikuwa akichunguza panya waliopigwa miale. Miale iliua seli nyingi, lakini chache zilistahimili, na baadaye mirija ikajaa tena. Ni kama moto ukipita mlimani: nyasi huungua, mvua ikinyesha zinachipuka, kwa sababu mizizi haikufa.

Mwaka 1993 watafiti wa Uholanzi walifanya hesabu. Kati ya seli 10,000 za mbegu katika korodani ya panya, zile zinazokaa peke yake ni 3 hivi. Hebu fikiria ukiambiwa utoe maharagwe 3 katika gunia, nayo yanafanana na mengine yote.

MBEGU HUJULIKANA IKIPANDWA

Hapo ndipo alipoingia daktari wa mifugo, Ralph Brinster wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Yeye alifikiri kama mkulima. Ukiletewa punje na mtu akakuambia ni mbegu nzuri, hutabishana naye. Utaipanda uone.

Brinster na wenzake walichukua panya dume wakawapa dawa ya busulfan, ambayo ni dawa ya saratani. Dawa hiyo iliua seli za mbegu, mirija ikabaki mitupu. Kisha walichukua seli kutoka korodani za panya wengine wenye alama ya kurithi, ambayo hufanya seli za mbegu ziwe buluu zikipakwa dawa fulani, wakaziingiza katika mirija ile mitupu. Walisubiri. Baada ya miezi kadhaa walipofungua, walikuta sehemu za mirija zimekuwa buluu. Seli za mgeni zilikuwa zimeota katika nyumba ya mwenyeji. Na wale panya waliopandikizwa walizaa watoto ambao kwa damu walikuwa wa yule mgeni. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1994.

Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kweli. Seli kamili hata ikiwa nzuri namna gani haiwezi kuijaza tena mirija mitupu. Inayoweza ni seli shina peke yake.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2000 watafiti wa Finland walionyesha kwamba zile seli walezi za Sertoli hutoa protini iitwayo GDNF, inayoziambia seli shina zijitunze. Panya akikosa protini hiyo ya kutosha, akiba inakwisha. Mwaka 2003 kikundi cha Takashi Shinohara na Mito Kanatsu-Shinohara huko Kyoto, Japani, kiliweza kuzikuza seli za panya nje ya mwili kwa miezi mingi zikiongezeka. Mwaka 2014 kikundi cha Jon Oatley katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kilitengeneza panya ambao seli zao zenye jeni iitwayo ID4 zilitoa mwanga wa kijani kibichi. Walipozitenga zile zinazong'aa sana na kuzipandikiza, waliona kwamba humo ndimo zilimo seli shina. Sasa mtu aliweza kuziona zikiwa hai, badala ya kukisia.

Lakini sayansi haijafunga kitabu. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha kwamba hata seli iliyokwisha kuanza safari ya kuwa mbegu, ikihitajika, inaweza kurudi nyuma na kuwa akiba. Na mwanadamu si panya. Mengi bado yanachunguzwa.

KABETE, OL PEJETA NA MULAGO

Huenda mama mmoja anasema, "Sista, hayo ni ya Wazungu na Wajapani. Sisi yanatuhusu nini?" Ngoja nikurudishe karibu.

Wafugaji wetu wanaijua sindano ya ng'ombe. Kituo cha mbegu za fahali kilianzishwa Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1946. Leo kinaitwa Kenya Animal Genetic Resources Centre. Mbegu zilizogandishwa zimeleta maziwa katika nyumba nyingi. Lakini kila mrija ukitumika umekwisha, kama mbegu ya dukani. Seli shina ni jambo jingine, kwa sababu yenyewe huendelea kuzaa. Mwaka 2020 kikundi cha Oatley na wenzake walitangaza kwamba mbuzi na nguruwe dume waliozaliwa bila mbegu zao wenyewe walipandikizwa seli shina za dume mwingine, wakaanza kutengeneza mbegu za dume huyo. Ni utafiti bado, lakini mwenye mbuzi wa maziwa anaona mara moja faida yake.

Tena mnakumbuka kifaru Sudan wa Ol Pejeta, Laikipia. Alikufa tarehe 19 Machi 2018 akiwa na miaka 45. Alikuwa dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini. Walibaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu. Wataalamu walitumia manii yaliyogandishwa ya madume waliokwisha kufa, lakini manii hayo ni machache. Kwa hiyo mwaka 2022 Katsuhiko Hayashi wa Japani na wenzake walitangaza kwamba wamechukua seli zilizotokana na ngozi ya kifaru wa aina hiyo na kuzigeuza zikafanana na seli changa kabisa za uzazi. Bado si mbegu wala mayai. Lakini mnaona uzito wa jambo hili. Akiba ikikwisha, ukoo mzima unakwisha.

Sasa tuje kwa watoto wetu. Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika taya. Mwaka 1958 aliandika juu ya ugonjwa huo, ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya watoto inayopatikana zaidi katika sehemu zenye malaria nyingi, na hupata wavulana zaidi kuliko wasichana. Jambo la ajabu lilikuwa kwamba dawa iliweza kuiyeyusha. Mojawapo ilikuwa cyclophosphamide, na watoto waliokuwa wafe walipona.

Lakini dawa inayoua seli za saratani huua pia seli nyingine zinazogawanyika. Ikitumika kwa wingi inaweza kuziharibu seli shina za korodani, kama ile busulfan ilivyofanya kwa panya wa Brinster. Kijana anapona, anakua, anaoa, kisha anagundua kwamba akiba ilikwisha akiwa mtoto.

Kwa ajili ya watoto hao, hospitali kadhaa za nchi za nje hugandisha kipande kidogo cha korodani kabla ya matibabu makali. Mwaka 2019 kikundi cha Kyle Orwig wa Pittsburgh kilitangaza kwamba tumbili mdogo, waliyempa jina Grady, alizaliwa kutokana na tishu iliyotolewa kwa tumbili dume kabla hajabalehe, ikagandishwa, kisha ikarudishwa mwilini mwake. Mwaka 2025 kikundi hicho kiliripoti kumrudishia seli zake kijana aliyetibiwa saratani utotoni. Wakati wa ripoti hiyo mbegu zilikuwa bado hazijaonekana.

Mama, sikia vizuri. Mtoto wako akipata saratani, atibiwe. Uhai kwanza. Lakini una haki ya kumwuliza daktari, "Dawa hii itafanya nini kwa uzazi wake?" Kijana aliyekwisha balehe anaweza kuhifadhi manii kabla ya kuanza dawa, palipo na huduma hiyo.

TUILINDE AKIBA NYUMBANI

Historia hii inatufundisha kwamba akiba ya mwanamume huwekwa akiwa mtoto mchanga, mikononi mwetu akina mama. Katika miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa, seli changa husogea pembezoni mwa mirija na kuwa seli za akiba. Ili zifanye hivyo vizuri zinahitaji ubaridi. Korodani huning'inia nje kwa sababu hiyo. Huko ni baridi kuliko tumboni kwa nyuzi 2 hadi 4. Zikikaa tumboni, joto huziharibu kidogo kidogo.

Kwa hiyo, la kwanza: mkague mtoto. Kati ya wavulana 100 waliozaliwa kwa miezi kamili, 3 hivi huwa na korodani ambayo haijashuka. Kwa waliozaliwa kabla ya wakati ni wengi zaidi. Mkague akiwa na joto, baada ya kuoga, kwa mikono isiyo baridi, kwa sababu baridi huzipandisha. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya mwanzo. Ikifika miezi 6 na moja haijashuka, usingoje tena. Mlete kliniki tumwandikie barua ya hospitali. Upasuaji wake hufaa ufanywe kabla ya mwaka mmoja, au usipite mwaka mmoja na nusu. Maneno ya "zitashuka akikua" ndiyo yaliyomponza yule baba wa kisa chetu.

La pili: maumivu ya ghafla. Korodani inaweza kujinyonga kwenye kamba yake, damu ikakosa kupita. Mvulana hulia ghafla, pengine hutapika, mfuko huvimba. Wengine kwa kuona haya husema tumbo linauma. Usikande, usipake dawa, usingoje asubuhi. Afike hospitali ndani ya saa 6. Hata kama ni usiku, amsha jirani mwenye pikipiki.

La tatu: matumbwitumbwi. Kwa mtoto mdogo hayagusi korodani mara nyingi. Lakini kwa kijana aliyebalehe, mmoja kati ya wanne hivi hupata uvimbe wa korodani. Mara nyingi hapotezi uzazi, lakini aonwe na daktari.

La nne: dawa za shambani. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko Lathrop, California, walianza kuulizana kwa nini wake zao hawapati mimba. Walikuwa wakitengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni. Walipopimwa, wengi walikuwa na mbegu chache au hawana kabisa. Baada ya kuacha kazi hiyo, baadhi yao mbegu zilirudi, na wengine hazikurudi kamwe. Sasa mnaelewa sababu. Aliyebakiwa na mizizi alichipua tena. Aliyeungua mpaka mizizi hakuwa na la kuchipua. Dawa hiyo ilipigwa marufuku kwa matumizi mengi Marekani mwaka 1979. Sisi tunaolima nyanya na mboga tujifunze. Anayenyunyiza avae glavu, buti na barakoa, aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Mikebe ya dawa isiwe ya kuchotea maji.

La tano: magonjwa ya zinaa. Kisonono na klamidia vinaweza kuziba njia, mbegu zikakosa pa kupitia ingawa akiba iko salama. Watibiwe wote wawili, mke na mume.

Na homa kali, kama ya malaria, inaweza kupunguza mbegu kwa muda. Kwa kuwa safari ya mbegu ni siku 74 hivi, mwanamume aliyetoka kuugua apewe miezi mitatu kabla ya kukata tamaa au kupimwa tena.

TAHADHARI

Kuna watu wanaopita vijijini wakiuza unga na vidonge kwa jina la seli shina, wakisema vinarudisha uzazi na kutibu kila kitu. Nimewaeleza safari yote. Mnajua sasa kwamba seli shina haikai katika pakiti wala hailambwi na kijiko. Hakuna dawa ya kunywa inayoirudisha akiba iliyokwisha. Hifadhi pesa zako, mama. Nenda ukapimwe.

KUAGANA

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hupata tatizo la uzazi katika maisha yake. Karibu nusu ya nyumba zenye shida hiyo, upande wa mume umechangia. Kwa hiyo wapimwe wote wawili, na mume apimwe mapema, kwa sababu kipimo chake ni rahisi. Anatoa manii kwenye chupa safi, basi.

Mnataka kujua yule mama ilikuwaje? Hakurudi kwao. Mama mkwe alikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Leo wanamlea mtoto wa ndugu yao kama wao. Na mwezi uliopita mama mkwe yuyo huyo alimleta kliniki mjukuu mwingine, mtoto wa binti yake, wa miezi minne. Alimvua nguo mbele yangu akasema, "Sista, hebu angalia hapa vizuri. Safari hii sitaki kungoja."

Niliangalia. Zote mbili ziko.

Leo jioni ukimwogesha mtoto, mwangalie. Mungu akipenda tutaonana juma lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika ukoo wetu, mke asipopata mimba, nani hupelekwa kupimwa kwanza? Kwa nini?

2. Mwanamume anaweza kuwa na ndevu na sauti nzito lakini asiwe na mbegu. Mweleze jirani yako inawezekanaje.

3. Mtoto wa kiume wa miezi 6 ana korodani moja tu kwenye mfuko. Utafanya nini?

4. Saa nne za usiku kijana wako analia kwa maumivu ya ghafla ya korodani. Nani kijijini ana chombo cha kumfikisha hospitali? Andikeni namba yake mahali ambapo kila mtu nyumbani ataiona.